Namba ya Kwanza

Gleb alikuja na dumu la baba yake,
lita nne, mfuniko umezungushiwa solotepu,
limepanda treni siku sita, kisha lori,
kutoka Krasnodar wanakolima alizeti
mpaka gerejini kwangu, Yakutsk,
ambako siku hiyo kipimajoto kiligota
kwenye hasi arobaini na nne.

"Mwaga ya zamani, tia hii," akasema.
"Kumi na tano, arobaini.
Mzee ameitumia tangu sijazaliwa.
Nzito. Inashika chuma."
Akalipapasa dumu
kama mtu anavyopapasa shingo ya farasi.

Mimi Saskilana, binti wa Prokopi,
nimelala miaka ishirini na mitatu chini ya matumbo ya magari
na nimejifunza kutobishana na baba wa mtu.
Nikasafisha makopo mawili ya samaki.
Moja nikalitia ya mzee.
La pili ya kwangu: sifuri, arobaini.
Nikayaweka nje, juu ya ukuta wa theluji,
gari nikaliingiza ndani penye joto.
"Nenda kalale," nikamwambia.

Watu hudhani injini huchakaa safarini.
Huchakaa asubuhi,
katika zile sekunde chache ufunguo umezungushwa,
chuma kinasugua chuma kikavu,
pampu inavuta, inavuta,
na oili iko chini kwenye bakuli lake, inajinyoosha,
kama jirani aliyeitwa msibani
naye bado anatafuta soksi.

Alfajiri Gleb akarudi, kope nyeupe kwa barafu.
Nikaliinamisha kopo la mzee.
Kimya.
Nikaligeuza juu chini,
nikahesabu mpaka sitini, kwa sauti,
ili asije akasema nilifanya haraka.
Hata tone.
Akacheka kidogo, kisha akaacha.
Langu lilishuka polepole, uji wa mgonjwa,
lakini lilishuka.

"Kumbe nyepesi ndiyo bora!"
Alisema upesi mno, nikamchapa na kitambaa.

Sikiliza, mtoto wa watu.
Namba ya kwanza ni ya kuamka.
Ya pili ni ya kazi, chuma kikishachemka.
Unaona theluji, unadhani hapa hakuna jua?
Ngoja Julai, nyuzi thelathini na tano,
mbu, vumbi, foleni ya kivuko cha Lena saa nne nzima
na feni inalia.
Gari lako ni la Kijapani, usukani kulia,
limekula kilomita laki mbili na ushei kabla hujalijua jina.
Beringi zimelegea kama meno ya bibi.
Ukilitia ya ishirini, siku hiyo litakunywa maji tu,
na ile taa nyekundu itakukonyeza
mahali pasipo na fundi.
Kitabu chake kinaruhusu thelathini au arobaini.
Kwa umri wake, mimi nasema arobaini.
Lakini mbele ya arobaini, sifuri.
Sifuri, Gleb. Usinichokoze.

Nikaimwaga ya zamani, nyeusi, inanuka petroli.
Nikabadilisha chujio.
Yeye alisimama mlangoni na simu,
nikasikia sauti ya mzee kutoka mbali,
nene, haina haraka:
"Umetia ile yangu? Inashika, eh?"

Gleb akalitazama kopo mkononi mwangu,
bado limeinama, bado halijatoa kitu.
"Inashika, baba," akasema.
"Inashika kweli."

Hakulichukua dumu. Hakulitupa pia.
Lilikaa kwenye rafu yangu, kati ya mikanda na plagi,
majira yote ya baridi, zito kama jiwe la kusagia.
Juni nilipokuwa nafagia nililitikisa.
Likacheza ndani, chwa chwa,
jepesi, limechangamka,
kana kwamba halijawahi kumkatalia mtu.